Mawakala wengi hawajazi zizi

ENDULEN — Mnunuzi wa ng'ombe anayepanda kutoka Arusha au Karatu kuja mnadani akiwa na mawakala watatu anajua jambo moja ambalo halimo katika vitabu vya biashara. Asipowagawia mawakala hao sehemu za mnada kabla hawajashuka garini, watapandishiana bei wao kwa wao. Mmoja ataanza kupatana bei ya dume jeusi upande wa chini, mwenzake atafika kutoka upande wa juu bila habari, ataongeza. Mwenye mfugo, ambaye hana sababu ya kuwaambia kwamba wote wawili wanalipwa kutoka mfuko mmoja, atakaa kimya akisubiri. Jioni tajiri anakuta amenunua ng'ombe kwa bei aliyoshindana nayo mwenyewe.

Tatizo hilo la siku nyingi limerudi kwa sura mpya, safari hii katika biashara ya programu za kompyuta. Tangu mwaka 2025 kampuni zinazoandika programu, kubwa kwa ndogo, zimekuwa zikitumia kile kinachoitwa wakala wa akili mnemba. Huyo si mtu. Ni programu inayopewa kazi kwa maneno ya kawaida, ikasoma mafaili ya mradi, ikaandika msimbo, ikaujaribu, ikasahihisha makosa yake na kurudisha kazi. (Wenye fani huuita msimbo huo "kodi", neno ambalo mfanyabiashara akilisikia hushika mfuko kwanza.) Wakala mmoja ni msaada wa kweli. Lakini sasa hawatumii mmoja. Wanafungua watano, kumi, hata ishirini kwa wakati mmoja, kila mmoja na kazi yake, na idadi hiyo inaelekea kutajwa mbele ya mteja na mwekezaji kama wasafirishaji wanavyotaja idadi ya malori yao.

Idadi hiyo si kipimo cha uwezo wa kampuni. Mwekezaji mdogo anayeombwa fedha kwa sababu kampuni "ina mawakala ishirini", au mfanyabiashara anayeahidiwa programu kwa wiki moja kwa sababu hiyo hiyo, anauziwa ukubwa wa zizi bila kuonyeshwa ng'ombe.

Kwa ukanda wa Karatu na Ngorongoro suala hili haliko mbali kama linavyoonekana. Ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, yenye kilometa za mraba 8,292, kilimo hakiruhusiwi. Mahindi yanayoliwa Endulen hupanda kutoka Karatu na kwingineko kupitia lango la Lodoare, na kinacholipia mahindi hayo ni ng'ombe, mbuzi na kondoo wanaoshuka kwa njia hiyo hiyo. Bei mbili husomwa pamoja: dume mmoja ni magunia mangapi. Aidha, tangu Juni 2022, Serikali ilipoanza kuhamishia sehemu ya wakazi Msomera, wilayani Handeni, mwenye duka ambaye wateja wake waliondoka na madeni yao hana tena daftari la kijiji kimoja. Kosa katika hesabu za namna hiyo haliishii kwenye karatasi. Familia iliyouza mbuzi wawili ikalipwa mmoja inapungukiwa unga.

Hivyo mtu wa hapa akiagiza programu, huagiza kitu chenye sehemu nyingi: manunuzi ya mnadani, vibali vya kusafirisha mifugo, ushuru wa halmashauri, malipo ya simu, nauli ya lori, mahindi ya safari ya kurudi, na madeni. Sehemu hizo zinaonekana kama zimejigawa zenyewe. Kampuni ya watu wawili mjini Arusha ikipata kazi ya aina hiyo leo itashawishika kumpa kila wakala sehemu yake na kwenda kunywa chai.

Na hapo ndipo mkasa huanza. Wakala wa malipo anaandika namba ya simu ikianzia na 0. Wakala wa madeni anaiandika ikianzia na 255. Zote ni sahihi, ila kompyuta inamwona mteja mmoja kama watu wawili, mmoja analipa na mwingine anadaiwa. Wakala wa manunuzi anarekodi bei ya ng'ombe kabla ya ushuru, wa hesabu anadhani ushuru umo ndani. Mmoja anahesabu mifugo kwa kichwa, mwingine kwa kilo. Halafu kuna saa. Karani wa mnada akiandika kwamba ng'ombe waliingia saa 2, anamaanisha asubuhi jua limeshachomoza, ilhali wakala aliyejifunza kwa maandishi ya Kizungu anasoma usiku wa manane umepita kwa saa mbili, na lori linaonekana limepakia kabla ya mnada kufunguliwa. Kila wakala ameijaribu sehemu yake na majaribio yote yamefaulu. Sehemu zinapounganishwa, programu inadanganya kwa utulivu kabisa.

Wenye fani watajibu kwamba wana chombo cha kuzuia hayo. Kinaitwa Git, kinatumika dunia nzima, na kazi yake ni kutunza kila badiliko lililofanywa katika msimbo. Kila wakala hupewa nakala yake ya mradi, yaani tawi lake, akafanya kazi humo pasipo kuwagusa wenzake, kisha matawi huunganishwa. Wawili wakiwa wamebadilisha mstari ule ule, Git hupiga kelele na mtu huamua. Ni chombo kizuri mno. Ila hupiga kelele pale tu wawili wanapogusa mahali pamoja. Mmoja akiandika 0 katika faili la kwanza na mwenzake 255 katika faili la kumi, Git huunganisha yote bila neno. Mfugaji wa Endulen ana mfano wa karibu: alama ya sikio humtambulisha mwenye ng'ombe, haisemi kama ng'ombe huyo ana ndigana.

Tatizo la wingi wa watendaji lilikwishaandikwa zamani kuhusu binadamu. Frederick Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa programu kuu ya kompyuta za IBM za miaka ya 1960, alitoa kitabu mwaka 1975 akieleza kwamba kuongeza watu katika mradi uliochelewa huuchelewesha zaidi. Hesabu yake ni nyepesi. Watu watano wana njia 10 za kuwasiliana wawili wawili. Watu 10 wana njia 45, na 16 wana njia 120. Kazi inagawanyika kwa idadi ya watu, lakini maelewano yanaongezeka kwa kasi kubwa kuliko idadi hiyo.

Mawakala wa akili mnemba wanadhaniwa kuwa wameikwepa hesabu ya Brooks kwa kuwa hawahitaji vikao. Ukweli ni kinyume. Waandishi programu wawili wanaokaa chumba kimoja hurekebishana bila kujua kuwa wanarekebishana: mmoja anamsikia mwenzake akitaja 255 kwenye simu, anageuka na kuuliza. Wakala hana chai ya saa nne. Anajua kile kilichoandikwa mbele yake tu, na akifunguliwa kesho upya hakumbuki ya leo isipokuwa yaliyowekwa katika faili. Njia zile 120 hazijafutika. Zimebaki pale pale zikiwa hazina mtu wa kuzipita.

Matokeo ya majaribio makubwa ya nchi za nje yanaelekea huko huko. Juni 2025 kampuni ya Anthropic ya Marekani ilieleza jinsi ilivyojenga mfumo wa mawakala wengi kwa kazi za utafiti, ambao ulifanya vizuri zaidi kuliko wakala mmoja. Lakini maelezo hayo hayo yalikiri mambo mawili: mfumo wa mawakala wengi ulitumia tokeni takriban mara 15 ya mazungumzo ya kawaida na akili mnemba, na kazi nyingi za kuandika programu hazigawanyiki vizuri kama utafiti. Mwezi huo huo kampuni ya Cognition, nayo inayouza wakala wa kuandika programu, iliwashauri watu wasijenge mifumo ya mawakala wengi. Mfano wake ulikuwa wa mchezo mdogo wa kompyuta wa ndege anayeruka: wakala mmoja alichora mandhari ya mchezo mwingine kabisa, wa pili akachora ndege asiyefanana na mandhari hayo, na wa tatu akaachiwa kuunganisha.

Kisa cha Januari 2026 ndicho chenye mafunzo zaidi kwa mtu wa biashara. Kampuni ya Cursor ilieleza kwamba ilipoweka mawakala wengi wenye hadhi sawa, wakishirikiana kwa faili moja lenye kufuli ili kila mmoja achukue kazi yake, mawakala 20 walishuka hadi kasi ya wawili au watatu. Muda mwingi ulipotea kungojea kufuli. Baya zaidi, kwa kuwa hakuna aliyekuwa mkubwa wa mwenzake, mawakala walianza kukwepa kazi ngumu na kuchagua vijikazi vidogo visivyo na hatari. Aliyewahi kuajiri vibarua kumi bila nyapara hatashangaa. Kampuni hiyo ilipata nafuu ilipotenganisha vyeo: wapo wa kupanga, wapo wa kutenda ambao hawashughuliki na lolote nje ya kazi waliyopewa, na yupo wa kuamua kama duru imefikia lengo.

Mwezi uliofuata, Februari 2026, Anthropic ilitoa habari ya mawakala 16 walioachwa kwa takriban wiki mbili waandike kompaila, yaani programu ya kugeuza maandishi ya lugha ya C kuwa amri zinazoeleweka na mashine. Walifungua vikao karibu 2,000, wakaandika mistari kama 100,000, na gharama ikakaribia dola 20,000. Kompaila hiyo iliweza kujenga mfumo wa Linux. Ni kazi kubwa, na mwenye kubeza anabeza bure. Lakini katikati ya safari mambo yalikwama kwa namna ambayo mnunuzi wa Endulen angeitambua mara moja. Kazi ilipokuwa vijaribio vingi vidogo, kila wakala alichukua chake na wote wakasonga. Kazi ilipogeuka kuwa kitu kimoja kikubwa, Linux yenyewe, wote 16 waligonga kosa lile lile, wakalirekebisha kila mmoja kwa njia yake, na kufutiana marekebisho. Wote walikuwa wamemzunguka dume mmoja.

Kilichowakwamua hakikuwa kuongeza wakala wa 17. Msimamizi, ambaye ni binadamu, alichukua kompaila ya siku nyingi inayoaminika, GCC, akaifanya mizani: sehemu kubwa ya Linux ijengwe na GCC, na sehemu chache tu na kompaila mpya. Kosa likionekana, liko katika zile chache. Hapo kila wakala akapata kosa lake tofauti la kushughulikia, na kazi ikagawanyika tena.

Hapa ndipo ilipo thamani, na hapa ndipo fedha ya mwekezaji inapaswa kutazama. Mawakala wanapatikana kwa yeyote mwenye kadi ya benki. Kilicho adimu ni mtu anayeweza kuikata kazi mahali inapokatika, na kuwa na mizani ya kupimia kila kinachorudi. Katika programu ya mfanyabiashara wa mifugo mizani ipo tayari, nayo ni daftari lake la miezi iliyopita. Programu mpya ilishwe minada mitatu ambayo hesabu zake zilikwishafungwa na kukubalika, na majibu yake yalingane na daftari hadi shilingi ya mwisho. Kampuni ambayo haijamwomba mteja daftari la zamani kabla ya kuwafungulia mawakala wake haijui itapima kwa nini.

Kadhalika kuna ukurasa mmoja unaopaswa kuandikwa kwa mkono wa mtu kabla wakala hata mmoja hajaanza. Namba ya simu iandikwe hivi. Saa ni za namna hii. Bei ni kabla ya ushuru. Ng'ombe ni kichwa, wala si kilo. Ukurasa huo hauna mvuto na haumo katika matangazo ya kampuni yoyote, lakini mwekezaji akitaka kujua alichonunua na auombe huo kwanza. Ukiletwa baada ya siku tatu, maana yake umeandikwa kwa ajili yake.

Haina maana kwamba wingi hauna mahali pake. Mnunuzi mwenye mawakala watatu akiwatuma katika minada mitatu tofauti, wiki moja, anafaidi kweli kweli. Katika programu zipo kazi za namna hiyo: kuandaa ujumbe wa simu kwa lugha mbili tatu, kutengeneza sura ya risiti, kuandika majaribio ya sehemu iliyokwisha, kupitia msimbo wa mwenzake kutafuta makosa. Hii ya mwisho hasa ina faida, kwa sababu wakala wa pili hana haya ya kumkosoa wa kwanza. Lakini moyo wa programu, pale fedha inapohama kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine, ni wa mkono mmoja.

Kuhusu kasi, ahadi zipokelewe kwa tahadhari. Julai 2025 taasisi ya METR ya Marekani ilichapisha jaribio la waandishi programu wazoefu 16 na kazi 246. Walipotumia zana za akili mnemba walichukua muda zaidi kwa asilimia 19, ilhali wao wenyewe waliamini wameokoa asilimia 20. Zana hizo zilikuwa za mwanzoni mwa 2025 na nyingine bora zimekuja baadaye, hivyo asilimia zenyewe zisishikiliwe sana. La kushikilia ni kwamba mtu anaweza kuchelewa huku akihisi anakimbia. Mbele ya mawakala ishirini wanaoandika kwa pamoja, kioo kikijaa maandishi yanayopita, hisia hiyo lazima iwe kali zaidi. Kuandika kumekuwa rahisi. Kusoma na kuthibitisha kilichoandikwa bado kunafanywa na mtu yule yule mmoja, na siku yake ina saa zile zile.

Gharama nazo zina mtego wake. Mawakala hulipiwa kwa tokeni, kama umeme wa LUKU: kadiri wanavyosoma na kuandika ndivyo zinavyokwisha, na wakala anayezunguka kosa lile lile usiku kucha anakula tokeni sawa na anayefanya kazi. Ankara huja kwa dola kutoka ng'ambo. Wakati huo huo, kwa kanuni zilizotolewa Machi 2025, bei za bidhaa na huduma nchini hazitangazwi wala kulipwa kwa fedha za kigeni, hivyo mteja wa Karatu anapewa bei kwa shilingi. Kampuni ndogo ndiyo inayobeba tofauti iliyopo katikati. Anayetaka kuweka fedha yake katika kampuni kama hiyo aulize ankara ya mwezi uliopita ya tokeni, aiweke kando ya mapato ya mwezi huo, na aulize pia ni sehemu gani ya kazi iliyolipiwa ilitupwa. Hilo la mwisho huwa halijaandaliwa jibu.

Lipo pia suala la funguo. Julai 2025 wakala mmoja alifuta hifadhidata hai ya mfanyabiashara wa Marekani, licha ya kuwa ameagizwa asibadilishe kitu. Katika mnada wakala huonyeshwa ng'ombe na kupewa kiwango cha juu cha bei, lakini mkoba wa fedha hubaki kwa tajiri. Kampuni inayowapa mawakala kumi ruhusa ya kugusa daftari halisi la wateja imewagawia mkoba wote kumi. Kwa Tanzania jambo hili lina uzito wa kisheria vilevile, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 humtaka anayekusanya taarifa za watu kuzilinda, na majina, namba za simu na madeni ya wateja ni taarifa za watu. Hakuna atakayekwenda mbele ya Tume akasema kosa ni la wakala wa saba.

Wazee wa boma huku hawahesabu ng'ombe kwa vidole. Jioni mzee husimama langoni, mifugo inapita, naye anajua kwa rangi na pembe ni yupi hajarudi, hata kama wameletwa na vijana wanne kutoka malisho manne. Mfanyabiashara wa lori ana njia yake. Mnada ukiisha huwaita mawakala wake kando ya gari, kila mmoja anasoma alichonunua, kwa alama, kwa bei na kwa jina la muuzaji, na ng'ombe hapandishwi hadi madaftari yalingane. Shughuli hiyo huchosha, hasa mvua inapotishia na barabara ya kupanda kingo za kreta inaanza kuteleza, na lango la Lodoare lina saa yake ya kufungwa. Hata hivyo, lori husubiri.